Sura ya Tisa: Mkono wa Drafti

Ijumaa hiyo Iringa iliamka na baridi ya Juni, ile inayowafanya hata waheshimiwa wasalimiane mikono ikiwa mifukoni. Inspekta Apolonia Kalinga alifika ofisini saa moja na nusu, akamkuta Mama Mbuke ameshatangulia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, miguu pamoja, kilemba chekundu amekivuta hadi masikioni. Ungedhani ana kitu cha thamani humo ndani anakilinda, na kweli alikuwa anakilinda.

Kesho yake, kule Chimala, mumewe Budeba na ndugu zake walikuwa waanue matanga ya mtoto wao Yakobo. Kijana huyo alipotea katikati ya Machi, pikipiki na koti lake vikakutwa kwenye matete ya mto uliokuwa umefurika. Maiti haikuonekana. Wazee walingoja miezi mitatu, wakachoka, wakasema mto umekula, basi. Wembe ulikuwa umeshanunuliwa. Wafiwa wote wangenyolewa, wa kwanza mama.

"Nikinyolewa nimekubali," Mbuke alikuwa amemwambia Apolonia jana yake, aliposhuka kwenye basi na kikapu kimoja. "Na mie sijakubali, afande. Umebaki wewe."

Kilichombakiza Apolonia kwenye kesi hii ni jambo dogo ambalo wakubwa zake walilicheka. Yakobo alipokuwa chuoni Iringa alikuwa akicheza chesi mtandaoni, michezo ya dakika tatu tatu, kwa jina la Farasi wa Usangu. Akaunti hiyo ilinyamaza Machi. Mwezi Mei ikafufuka, ikacheza michezo mia mbili na kumi. Kama aliyekuwa akicheza ni Yakobo, wembe ungengoja. Kama ni mwizi wa simu, mama huyu angerudi Chimala kunyolewa, na Apolonia ndiye angemsindikiza.

Saa mbili akaingia Mwalimu Sosthenes, mwalimu wa hesabu na mlezi wa klabu ya chesi pale Mlandege. Ndiye aliyemfundisha Yakobo. Alikuwa na daftari kwapani na macho mekundu.

"Kamwene, afande."

"Kamwene, Mwalimu. Umeimaliza ile michezo?"

"Yote. Ya zamani na hii mipya."

"Basi nipe kama unavyompa mzazi ripoti ya mtoto. Anzia kwenye sifa."

Sosthenes akafungua daftari. "Ana kasi. Farasi wake wawili hutoka mapema kuliko kitu kingine chochote, anawapeleka katikati ya ubao, na wakishafika hapo wanasumbua watu. Akianza kushambulia hapumziki. Kwenye dakika tatu hiyo ni silaha, maana mpinzani hapati muda wa kuwaza."

"Kasoro?"

"Ziko mbili. Akibakiwa na chini ya sekunde kumi, anakula kila anachopewa. Umwekee askari wa chambo, anakula. Umwekee ngome ya mtego, anakula. Kuna mahali alikuwa na hatua moja tu ashinde, hakuiona. Akala askari, akashindwa yeye."

"Uroho huo."

"Nami nilidhani hivyo."

"Si uroho." Sauti ilitoka ukumbini. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni, na wala hakuomba radhi kwa kusikiliza. "Hiyo ni drafti. Baba yake alimfundisha kule mbugani, kwenye kipande cha mbao, na vizibo vya soda. Kwa Budeba, kete ikiwa ya kuliwa usipoila, anachukua yako, na anakucheka mpaka ng'ombe wanarudi. Mtoto alianza hajui hata kuandika jina lake."

Sosthenes akajipiga paja. "Mama, miaka miwili nilimgombeza huyu mtoto! Namwambia, Yakobo, kwenye chesi kula ni hiari. Ananiambia nimeelewa Mwalimu. Saa ikimbana, anakula!"

"Mazoea yana taabu," alisema Apolonia. "Na anayecheza sasa anafanya hivyohivyo?"

"Vilevile. Hata namna ya kukosea ni ileile."

Apolonia hakutabasamu. Kazi hii ilikuwa imemfundisha kutofurahi kabla ya chai. "Nusu ya vijana wa nchi hii wamelelewa na drafti, Mwalimu. Siwezi kwenda kwa wazee wa Chimala na vizibo vya soda. Kasoro ya pili?"

"Anasalimu amri mapema mno. Akipoteza malkia, sekunde mbili haziishi ameshabonyeza, katoka. Nimehesabu mara thelathini na moja. Katika hizo, kumi na moja alikuwa bado na njia ya kujiokoa. Mara mbili, afande, alikuwa anashinda! Hakutazama tu."

Apolonia akaandika kwenye karatasi yake: Hukimbia bila kutazama. Akapiga mstari chini yake, kisha akaongeza wa pili.

*

Jailos alikuwa chumba cha mahojiano tangu saa tatu. Alikuwa fundi simu wa Mlandege, na ndiye aliyepanga chumba kimoja na Yakobo enzi za chuo. Simu ya Yakobo ilikutwa jana kwenye kibanda chake, ina laini yake Jailos. Mkuu wa Apolonia alishafunga hesabu: mwenye simu ndiye mchezaji, mchezaji si Yakobo, Yakobo ni marehemu, na huenda fundi anajua alivyokufa. Ilikuwa hesabu nzuri, haikuwa na pengo lolote isipokuwa kwamba Apolonia hakuiamini.

Mezani iliwekwa simu hiyo, pamoja na vitu vilivyotoka mifukoni mwa kijana: bisibisi mbili, pakiti ya biskuti iliyobaki nusu, na tiketi mbili za basi la Kilolo, zote za Jumapili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Simu ya nani hii?"

"Ya Yakobo. Aliniachia."

"Lini?"

"Februari. Kabla hajafa."

"Machi nane alimpigia mama yake kwa simu hiihii. Mama yake yuko hapo nje, nimwite umweleze ya Februari?"

Jailos akageuza macho mlangoni.

"Njia ya mwongo ni fupi, Jailos, na yako haijavuka hata mlango. Nani anacheza kwenye akaunti ya Yakobo?"

"Mimi."

Ilitoka haraka mno. Watu waliomkalia Apolonia mbele ya meza ile kwa miaka ishirini na mbili walikuwa wakikana hata majina yao. Huyu alikuwa amekimbilia kosa kwa mbio.

"Rudia."

"Ni mimi, afande. Niliikuta iko wazi, nikawa najifurahisha. Yakobo kashakufa. Mniandikie hilo la simu, yaishe."

"Haya. Mwalimu! Lete ubao."

Sosthenes akaingia na ubao wa plastiki na saa ya mchezo. Akapanga vipande, dakika tatu kwa kila mmoja. Askari wa zamu akachungulia, akaona washukiwa siku hizi wanachezeshwa, akatikisa kichwa akaenda zake.

Jailos hakuwa mchezaji mbaya. Alicheza taratibu, akitoa askari wake mmoja baada ya mwingine, farasi wamelala nyumbani kwao. Saa yake ilipofika sekunde tisa, Sosthenes akasogeza ngome yake mahali ambapo hata kipofu angeila. Jailos akaitazama, akaguna, akasukuma askari wa upande mwingine.

"Tena," alisema Apolonia.

Mchezo wa pili Sosthenes alimla malkia mapema. Jailos akafyonza, akacheka kidogo, akaendelea. Alibakiwa na mfalme na askari wawili, akaendelea. Alikimbizwa ubao mzima hadi kona ya mwisho, na hata hapo akawa anatafuta pa kutokea.

"Tena."

Wa tatu ulikuwa vivyo hivyo. Malkia alikwenda, na mtu akang'ang'ana mpaka saa ikamwishia.

"Kwa nini hukuacha ulipopoteza malkia?" aliuliza Apolonia.

"Niache kwa nini, afande? Mwalimu naye ni mtu, anaweza kukosea."

"Na ile ngome, mbona hukuila?"

"Mtego ule, unaonekana."

"Drafti unacheza?"

"Hapana. Kwetu baba ni mchungaji. Alisema ni mchezo wa vijiweni, hataki kuuona."

Sosthenes akaanza kukusanya vipande, na mikono yake ilikuwa na furaha. Apolonia akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Anayecheza kwenye ile akaunti anakula kila kitu akibanwa na saa. Wewe huli. Yule akipoteza malkia anatoroka. Wewe hutoroki hata ukibaki na mfalme peke yake. Kwa hiyo si wewe, na umenidanganya ili niamini ni wewe. Sasa niambie, mtu anajitwisha mzigo wa marehemu ili iweje? Marehemu hafichwi. Anayefichwa ni aliye hai."

Jailos akatazama viatu vyake. Vilikuwa na unga mwekundu wa mbao kwenye mishono.

"Niliapa, afande."

"Uliapa usiseme alipo. Sijakuuliza alipo. Nakuuliza anamkimbia nani."

Kijana akatikisa kichwa. Apolonia alimwacha hapo, maana aliona kiapo kile hakikuwa cha woga. Kilikuwa cha urafiki, na kiapo cha aina hiyo hakivunjwi kwa kupiga meza.

*

Akarudi mezani kwake, akaitazama ile karatasi. Hukimbia bila kutazama. Mtu akipoteza malkia anatoka, hata kama mchezo haujaisha. Basi siku ile ya Machi Yakobo alidhani amepoteza nini?

Akampigia Sabina, askari wa usalama barabarani aliyewahi kufanya naye kazi, sasa yuko upande wa Chimala.

"Nisomee ajali za Machi kumi na nne. Kuanzia jioni."

"Za barabarani? Nilidhani wewe uko na yule wa mtoni."

"Soma tu, dada."

Karatasi zikasikika. "Lori la mpunga, lilipinduka, hakuna aliyeumia. Halafu mwendesha baiskeli, kagongwa na pikipiki kwenye ukungu, pikipiki haikusimama. Philbert fulani, mkulima."

"Wapi?"

Sabina akamtajia. Ilikuwa barabara ileile aliyopita Yakobo siku hiyo, kilomita nane kabla ya yale matete. Pikipiki ya mtoni ilipatikana siku nne baadaye, maji yalipopungua, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiunganisha na baiskeli iliyopinda kilomita nane nyuma.

Apolonia akajikuta amesimama. "Huyo Philbert alikufa?"

"Nani, Philbert? Jumatano nimemwona sokoni anabishana na muuza nyanya."

Dakika tano baadaye alikuwa naye kwenye simu. Mzee huyo alikuwa na sauti kubwa, ya mtu aliyezoea kufukuza ndege shambani.

"Ndiyo, ni mie! Nilizirai, nikaamka niko hospitali. Mguu ulivunjika, umeshaunga, natembea na fimbo. Aliyekufa ni baiskeli."

"Ukimwona aliyekugonga, mzee, utamwambia nini?"

Philbert akafikiri. "Kwanza aje anisalimie. Mtu anikanyage, asinisalimie? Hayo mengine mtayajua nyinyi wa serikali."

"Hebu ngoja, usikate."

Akarudi chumba cha mahojiano karibu kwa kukimbia, akaweka simu mezani, sauti nje. "Mzee, kuna kijana hapa. Mwambie wewe ni nani na uliumiaje."

Philbert akarudia habari yake yote, na safari hii akaongeza rangi ya baiskeli. Alipofika kwenye fimbo, Jailos alikuwa ameficha uso kwa viganja.

"Alisema amemuua," alisema simu ilipokatwa. "Alimtikisa, afande, hakuamka. Alimwita, hakuitika. Akaisukumia pikipiki na koti mtoni, ionekane amezama, akafika kwangu alfajiri na lori la mkaa, analia. Nikampa simu yangu, akaniachia yake. Anasema atanyongwa."

"Sitakudanganya. Kumgonga mtu ukakimbia ni kosa, na atalijibu mahakamani. Lakini kesi ya barabarani mtu anaijibu, kisha anarudi kwao. Yuko Kilolo, kwenye mashine za mbao?"

Jailos akatazama tiketi mezani, kisha viatu vyake. Akaitikia kwa kichwa.

"Mpigie."

"Hana laini, aliitupa. Saa ya chakula anatumia intaneti ya pale mashineni, anacheza tu. Mimi naingia tunacheza, ndivyo ninavyojua kaamka salama. Akiona gari la polisi ataingia msituni, afande, na msitu wa kule hauna mwisho."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro tano.

*

Walikusanyika wanne kuizunguka simu moja: Apolonia, Sosthenes, Jailos, na Mama Mbuke aliyekalishwa kwenye kiti cha inspekta mwenyewe. Saa saba na dakika kumi nukta ya kijani ikawaka kando ya jina. Farasi wa Usangu alikuwa hewani, na mshukiwa wa mkuu wa upelelezi alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini.

"Niandike sasa hivi?" Jailos aliuliza.

"Ukiandika sasa atadhani ni mtego wetu," alisema Apolonia. "Atatoka, na harudi tena."

"Basi kwanza nimwonyeshe," alisema Sosthenes. "Maneno anaweza kuyakataa. Hatua kwenye ubao ataiona kwa macho yake." Akaandika ujumbe, akauacha bila kuutuma, kisha kwa jina la Jailos akaomba mchezo. Ukakubaliwa papo hapo.

Farasi wawili wakatoka mapema. Mbuke hakujua chesi, lakini alimwona Mwalimu anatabasamu, naye akasogea. Hatua zilikwenda kwa kasi ya mtu anayepepeta mchele. Yakobo alishambulia, akashambulia tena, kisha akaacha upande mmoja wazi, na Sosthenes akamwona malkia wake hana mlinzi.

"Nikimla hapa," alinong'ona, "farasi wake anabaki na mruko mmoja. Anamtishia mfalme wangu na kumgusa malkia wangu kwa mpigo. Tunakuwa sawasawa. Lakini lazima atazame."

"Ujumbe utangulie," alisema Apolonia.

Sosthenes akautuma. Usitoke. Malkia anaondoka, lakini tazama farasi wako. Na yule mzee wa baiskeli yu hai, anatembea na fimbo, anataka umsalimie. Ni mimi Mwalimu Sosthenes.

Kisha akala malkia.

Saa ya Yakobo ilikuwa na dakika moja na sekunde nne. Sekunde mbili zikapita. Zikapita tano.

"Hajatoka," alisema Jailos.

Hamsini. Arobaini na tano. Apolonia aligundua ameshika mkono wa Mama Mbuke, na kwamba mkono huo ulikuwa umetulia kuliko wake. Thelathini. Sehemu ya ujumbe ikatikisika, yakatokea maneno mawili, na Sosthenes akayasoma kwa sauti.

"Mama amenyolewa?"

Mbuke akasimama. Akafungua kilemba, akakishusha mabegani, na nywele zake zikaonekana, fupi, nusu nyeupe, zimejisokota kwa miezi mitatu ya kutoguswa na kitana.

"Ng'wana wane," alisema kwa Kisukuma, kama vile anamwita mwanawe aliye mlangoni, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya wengine. "Mwambie bado. Aje azione mwenyewe."

Sosthenes akaandika: Bado.

Saa ilikuwa na sekunde kumi na moja farasi aliporuka. Alitua pale pale palipotakiwa, mfalme mbele yake na malkia ubavuni. Sosthenes akamwondoa mfalme. Zilibaki sekunde tisa, na malkia alikuwa amesimama hana pa kwenda.

"Amekula," alisema Mwalimu, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Safari hii kala vizuri."

Yakobo hakuendelea na mchezo. Aliandika kwamba yuko mashineni, kwamba hatoki, waje. Apolonia akampa Jailos bisibisi zake na biskuti zake, akaomba gari lisilo na maandishi ya polisi, akawaambia wote wachukue makoti kwa sababu Kilolo baridi yake si ya mchezo. Mbuke alikuwa bado kichwa wazi, ameazima simu ya inspekta. Kule Chimala mumewe alipokea, na sauti za wageni waliokuja matangani zikasikika nyuma yake. Alimweleza kwa maneno machache, akangoja hadi mzee alipoacha kuuliza mara mbili mbili na kuanza kulia.

"Na huo wembe, Baba Yakobo," alisema, akitafuta mkono wa koti, "mkatie kucha."